Nani Amwitikie Bobb

Pale Mon Souci, kijiji cha pwani, ukimwahidi mtu kwamba utakuja kisha usitokee, utaambiwa umemfanyia Bobb. Bwana harusi akichelewa kanisani, watoto watapiga makofi nje ya dirisha wakiimba "Bobb, Bobb!" Basi la mjini Georgetown lisipofika, ni Bobb. Fundi akivunja ahadi, ni Bobb na nusu. Wengi wanaosema hivyo hawajui neno limetoka wapi, na ukiwaeleza wanacheka zaidi, maana binadamu akishazoea kulicheka jambo, ni kazi kumpokonya.

Limetoka kwenye ubao wa kituo cha polisi. Ni ubao mweusi wenye maandishi meupe, na juu yake yameandikwa majina matano ya makonstebo waliokufa mwaka 1908, bahari ilipovunja ukuta wa udongo ikaingia mashambani. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, polisi hupiga gwaride mbele ya ubao huo. Mkubwa wa kituo huyasoma majina kama anayeita zamu asubuhi, na kwa kila jina, mtu wa ukoo wa marehemu hujibu kwa sauti: "Yupo, bwana!"

Majina manne yana wa kuyaitikia. La tano limeandikwa chini kabisa kwa herufi nyembamba, limebanwa kama abiria asiye na tikiti: Ezekiel Bobb. Hilo halijaitikiwa na mtu hata siku moja. Mkubwa wa kituo huliita, husubiri kidogo, hukohoa, kisha hukunja karatasi. Ndipo mtu wa nyuma husema, "Amechelewa tena," na watu hucheka chini ya kofia zao.

Waveney Cadogan naye alicheka, utotoni kwa sauti, na baadaye, alipovaa sare, kwa kubana midomo. Alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kuvaa sare ya polisi katika pwani ile, akatumikia miaka thelathini, akastaafu akiwa koplo. Kila mtu alijua kwa nini alijiunga. Jina la tatu kwenye ubao, Konstebo Nathaniel Pollydore, lilikuwa la babu yake, baba mzazi wa mama yake. Na mama yake, Bibi Clemmie, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa akimwitikia baba yake tangu ana miaka saba. Hakuwahi kukosa. Mwaka mmoja alibebwa juu ya kiti akiwa na homa, akaitikia, akarudishwa kitandani.

Sasa mchwa walikuwa wameula ubao. Inspekta Seecharan, mkubwa wa kituo, kijana mwenye masharubu membamba na mafaili mengi, alipata kibali cha kuweka jiwe la marumaru. Akamwita Waveney ofisini.

"Koplo, wewe ndiye mwenye kumbukumbu hapa. Niandikie orodha, uisaini. Mchongaji anaitaka Ijumaa."

"Si ni yale yale majina matano?"

"Manne. Makao makuu wanasema jiwe libebe wale tu waliomo kwenye daftari la kuandikishwa. Bobb nimeulizia. Hayumo. Hakuna Bobb aliyewahi kuwa polisi miaka ile."

"Lakini yumo kwenye ubao, Inspekta."

"Makaburi ni mangapi kule nyuma ya kanisa?"

Makaburi yalikuwa manne. Aliyajua, alikuwa akiyang'olea majani.

"Ndiyo hivyo," alisema Inspekta. "Mtu hachongwi kwenye marumaru kwa sababu kijiji kimezoea kumcheka."

Angeweza kukubali akaenda zake kunywa chai. Lakini miaka thelathini ya polisi haitoki mwilini kwa kupewa saa ya kustaafu. Majina matano, makaburi manne. Jina haliji lenyewe kwenye ubao, kuna mkono ulioliandika, na mkono una sababu. Isitoshe, alijisikia vibaya. Maskini Bobb, alifikiri, umechekwa miaka themanini, na sasa unafutwa kabisa. Jumatano akapanda basi kwenda Georgetown, kwenye nyumba ya nyaraka za serikali, akaomba daftari la wakati ule.

Kwenye herufi B hakukuwa na Bobb. Inspekta alikuwa amesema kweli. Waveney alitaka kulirudisha daftari, kisha tamaa ndogo ikamshika, ile ya mtu aliye karibu na picha ya ndugu yake: alitaka kuuona ukurasa wa babu yake kwa macho yake mwenyewe. Akafungua P.

Pollydore, Nathaniel. Alionyesha cheti cha ubatizo. Urefu futi tano na inchi kumi. Kazi ya awali: mkata miwa. Kovu la panga kwenye muundi wa kulia.

Waveney alivua miwani akaifuta. Babu yake hakukata muwa hata mmoja maishani. Alikuwa fundi cherehani. Hilo lilisemwa nyumbani kwao kila Krismasi, kwamba mikono ya Nathaniel ilikuwa laini kama ya padri, kwamba alishona gauni la harusi la mkewe mwenyewe. Cherehani yake ilikuwa bado ukumbini, imefunikwa kitambaa.

Kisha akaona maneno ya wino mwekundu pembeni ya ukurasa, mwandiko mdogo wa mtu mwenye haraka:

Mwanamke aitwaye Bobb amekuja kulalamika mara tatu. Adai marehemu ni mumewe Ezekiel, aliyejiandikisha kwa cheti cha Pollydore, yeye akiwa hana cheti, na Pollydore mwenyewe akiwa amekwenda juu mtoni kuchimba dhahabu. Naamini asema kweli. Lakini mjane Pollydore ameuona mwili na kuukubali kuwa wa mumewe. Faili lifungwe.

Aliyasoma mara nne. Naamini asema kweli. Faili lifungwe. Alimchukia yule mwandishi asiye na jina, kisha akamwelewa, na kumwelewa ndiko kulimuuma zaidi, kwa kuwa hata yeye aliwahi kufunga mafaili ya namna ile.

Basi la kurudi lilikuwa na kelele za muziki na kuku, yeye hakusikia kitu. Alikuwa akilipanga jambo kama anavyopanga ushahidi. Babu yake anapata nafasi ya polisi, anaaga nyumbani, mkewe anajua yuko mjini katika sare. Njiani anasikia habari za dhahabu. Cheti anampa Bobb, au anamuuzia, nani ajuaye. Bobb anavaa sare kwa jina la mwenzake. Miaka miwili baadaye bahari inavunja ukuta, makonstebo wanaletwa kutoka mjini na mashua, wanawaokoa watu juu ya mapaa, mashua inapinduka. Miili inapatikana siku ya tatu. Mwanamke mwenye watoto watatu anaitwa aje amtambue mumewe Pollydore. Anafunuliwa shuka. Anamwona mwanamume asiyemjua.

Na anasema, "Ndiye."

Bibi Drusilla, bibi yake Waveney. Kwa neno lile moja alipewa kazi ya kufua sare za kituo, na chumba nyuma ya kituo, na watoto wake wakapata kusoma. Miaka thelathini na miwili alizifua na kuzipiga pasi sare za polisi wa Mon Souci. Na yule mwingine, aliyekuja mara tatu, alipewa nini? Alipewa jina la mumewe kwa herufi nyembamba chini ya ubao, na kicheko.

Alimkuta mama yake mezani, anapiga pasi leso. Bibi Clemmie hakuamini pasi ya umeme. Alikuwa na zile za chuma, mbili, moja motoni moja mkononi, na leso zake zilisimama zenyewe kwa wanga.

"Umechelewa," alisema bila kuinua macho. "Nikadhani umenifanyia Bobb. Kuna wali wa kunde kwenye sufuria. Huko mjini umeona habari za baba?"

"Nimeona ukurasa wake, Mama."

"Wanasemaje? Wameandika kwamba alikuwa mtanashati?"

Waveney aliketi. Angeweza kula kwanza, lakini alijua kwamba akila hatasema. Akasema. Alisema kama anavyotoa ripoti, bila kupamba: kovu, miwa, wino mwekundu, mwanamke Bobb. Mama yake aliendelea kupiga pasi leso ile ile mpaka ikaanza kunuka moto.

"Mama, pasi."

Bibi Clemmie aliiweka pasi juu ya jiwe lake. Leso ilikuwa na alama ya kahawia katikati. Akaitazama kama aliyeichoma ni mtu mwingine.

"Nani mwingine amesoma?"

"Mimi tu."

"Basi funga mdomo wako."

"Mama, Bobb wanamtoa kwenye jiwe. Wanasema hakuwahi kuwapo. Na ndiye aliyekufa."

"Mzungu mmoja kachoka na jua, kaandika upuuzi pembeni ya kitabu, nawe umeupandisha basi ukaniletea nyumbani! Mama yangu ni mwongo, ndivyo unavyosema?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Unajua mikono yake ilikuwaje? Sabuni ya magadi ilimla vidole mpaka hawezi kushika sindano. Unadhani mtu hujichuna ngozi miaka thelathini na miwili kwa mume asiyekuwa wake?"

Waveney alifikiri kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya mtu kujichuna ngozi.

"Nina miaka themanini na minne," Bibi Clemmie alisema, na sasa sauti ilikuwa imemshuka. "Baba sikumjua. Sura yake siikumbuki. Nina jina tu, na kulisikia mara moja kwa mwaka na kuitikia. Unataka kuninyang'anya hilo, Waveney? Wewe? Sare uliyovaa ulivaa kwa jina la nani?"

Hilo lilimpata penyewe. Siku ya Ijumaa Waveney alikwenda kituoni akaandika majina manne kwa mwandiko mzuri: Alphonso Trim, Josiah Quallis, Nathaniel Pollydore, Cyril Headley. Chini akaandika kwamba yamehakikiwa, akasaini. Inspekta Seecharan alimshukuru, akampa juisi ya ukwaju yenye barafu. Nje ya lango alisimama Ovid, muuza samaki, mtu asiyejua kunyamaza.

"Koplo! Nasikia Bobb amefukuzwa kazi!"

"Niache, Ovid."

"Miaka themanini hafiki kazini, hata mimi ningemfukuza!"

Alicheka peke yake mpaka akakohoa. Waveney alitembea haraka.

Wiki sita zile mama na mwana waliishi kama wapangaji. Walipitishiana chumvi. Walizungumzia mvua. Bibi Clemmie alikuwa mtu wa kuimba nyimbo za kanisa akifua, sasa alifua kimya. Mara mbili Waveney alimkuta amesimama mbele ya cherehani, amekishika kitambaa kwa ncha, hajakifunua. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na Waveney alianza kushuku kwamba mama yake amekuwa akichota kwenye mtungi ule kwa muda mrefu.

Jumamosi kabla ya gwaride, Waveney alikuwa akimsuka nywele, Bibi Clemmie ameketi chini kwenye kigoda kati ya magoti ya bintiye. Nywele zilikuwa chache na nyeupe. Hapo ndipo mama alipozungumza, akiwa amempa mgongo.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mtu alikuja langoni."

Waveney aliendelea kusuka.

"Mwanamume mrefu, kakonda, nguo za watu wa machimboni. Jino la dhahabu. Alisimama nje ya lango, hakuingia. Akaniuliza, 'Wewe ni Clementina?' Nikasema ndiyo. Akaanza kulia. Mtu mzima, Waveney, analia katikati ya barabara mchana kweupe. Mama akatoka na pasi mkononi. Ya moto. Nikadhani atamchoma uso."

"Akasema nini?"

"Yeye akasema, 'Drusilla, nimekuja kuwaona wanangu.' Mama akamwambia, 'Baba wa wanangu yuko kwenye ubao. Nenda kasome.' Basi. Yule mtu akatazama upande wa kituo, akavaa kofia yake, akaenda. Mama akaniambia ni kichaa kutoka msituni, wako wengi, dhahabu huwala akili. Nikakubali."

Nje gari lilipita likiwa na kipaza sauti, likitangaza gwaride la kesho.

"Alikuwa na mikono laini," alisema Bibi Clemmie. "Amekonda, mchafu, lakini mikono laini. Nimeikumbuka wakati wote. Nimeikumbuka kila nilipokuwa nikisema 'Yupo, bwana.'"

"Mama..."

"Malizia nywele."

Waveney alimaliza. Usiku alimsikia mama yake akitembea, na hakuinuka, kwa kuwa hakuwa na la kumpa.

Jumapili jua lilikuwa kali tangu mapema. Marumaru ilisimama mbele ya kituo, imefunikwa bendera. Bendi ya shule ilipiga, tarumbeta moja ikiwa mbele ya wenzake muda wote. Wazee walikalishwa chini ya turubai. Bibi Clemmie alivaa nguo nyeupe iliyopigwa wanga mpaka ikawa inasema anapotembea, na kofia yenye ua. Waveney, kama wastaafu wote, alivaa koti la heshima na medali yake moja. Ubao wa zamani hakuuona popote. Alimuuliza konstebo mmoja, akaambiwa uko jikoni, wanaukatia vitunguu.

Bendera ikavutwa. Marumaru iling'aa. Majina manne, ya dhahabu, yamepangwa vizuri, na chini yake nafasi tupu nyeupe. Watu walipiga makofi. Inspekta Seecharan alikaza mkanda, akakunjua karatasi.

"Konstebo Alphonso Trim!"

"Yupo, bwana!" Ni mwalimu mmoja, kitukuu cha Trim.

"Konstebo Josiah Quallis!"

"Yupo, bwana!" Ndugu wawili kwa pamoja.

"Konstebo Nathaniel Pollydore!"

Kimya.

Watu waligeuza shingo. Hakuna aliyewahi kusikia kimya mahali pale kwenye jina lile. Waveney alimtazama mama yake akadhani amepatwa na kiharusi, maana alikuwa amekaa wima, macho mbele, mikono juu ya fimbo. Inspekta alirudia, sauti juu zaidi.

"Konstebo Nathaniel Pollydore!"

"Loo," Ovid alisema kule nyuma, "leo Pollydore naye kafanya Bobb!"

Kicheko kikapita. Bibi Clemmie akasimama. Alichukua muda kusimama, na hakumpa mtu mkono amsaidie.

"Hayupo, bwana," alisema.

Inspekta alishusha karatasi. "Bibi, labda jua limekuwa kali. Konstebo, mletee Bibi maji."

"Jua nimezaliwa nalo. Nasema hayupo. Hakuwahi kuwapo. Msome aliyekufa."

"Nani, Bibi?"

"Yule mnayemcheka."

Hapo kicheko kilikwisha. Inspekta alitazama karatasi kana kwamba huenda imeongezeka jina wakati hatazami. "Bibi yangu, nasoma kilichoandikwa. Huyo hayumo kwenye orodha. Orodha imehakikiwa." Na bila kukusudia, au kwa kukusudia, akamtazama Waveney.

Bibi Clemmie naye akageuka. Hakumwita mwanangu, wala Waveney.

"Koplo," alisema. "Mwite."

Kutoka kwenye turubai mpaka kwenye lile jiwe ni hatua kumi na tano. Waveney alizitembea moja moja. Aliwaza kuhusu bibi yake na ile shuka iliyofunuliwa. Aliwaza kuhusu mwanamke aliyekuja mara tatu, na mtu aliyemsikia, akamwamini, akafunga faili. Alipofika alinyoosha mkono, na Inspekta, ambaye alikuwa kijana mwenye adabu, alimpa karatasi. Saini yake ilikuwa pale chini, nadhifu.

"Orodha hii niliisaini mimi," alisema. "Niliisaini nikijua si ya kweli. Babu yangu Pollydore hakuwamo kwenye mashua. Alikimbilia machimboni akaacha watoto. Aliyekufa akiwatoa watu wenu juu ya mapaa alikuwa mkata miwa aliyetumia cheti chake, kwa kuwa yeye hakuwa nacho. Mkewe alikuja hapa kusema, akafukuzwa. Bibi yangu alikubali maiti isiyo yake. Nami nimekula matunda ya hilo maisha yangu yote, na wiki sita zilizopita nimemfuta kwa mkono wangu."

Bendi nzima ilikuwa imeshusha vyombo. Waveney alisimama kama alivyofundishwa akiwa na miaka ishirini na mitano, visigino pamoja, kidevu juu, akaita kwa sauti ya uwanja wa gwaride:

"Konstebo Ezekiel Bobb!"

Halafu kikaja kile kimya ambacho Mon Souci inakijua, kimya cha Bobb, cha miaka themanini. Watu walikisubiri kimalizike kwa njia yake. Ovid alikuwa amefungua mdomo, kwa mazoea tu, kisha akauona uso wa Bibi Clemmie akaufunga.

"Yupo, bwana," alisema Bibi Clemmie.

Haikuwa sauti kubwa. Alivuta pumzi, akaegemea fimbo yake, na akasema tena, safari hii si kwa Inspekta wala kwa watu, bali kwa ile nafasi tupu chini ya jiwe:

"Aliyechelewa si yeye. Ni sisi."

Waveney alikunja karatasi, akaenda kumshika mama yake mkono ili akae.